Nani Alimfundisha Pongo Kubweka

Kalunde alikuwa katikati ya kutwanga mtama, mchi uko juu, Wande alipoingia uani bila kupiga hodi na kusema kwamba nyama imeshagawanywa.

"Imegawanywa lini?"

"Sasa hivi. Uani kwetu."

"Na fungu letu liko wapi?"

Wande alikuwa mke wa Mihambo, mkuu wa wawindaji, na hakuzoea kutumwa habari za aibu. Alitazama ndani ya kinu kana kwamba jibu lilikuwa humo. "Mama Limi, hakuna fungu lenu. Mume wangu amesema nyumba ambayo haikutoa mtu porini haipati nyama. Amesema ndiyo sheria."

Mchi ulishuka. Kalunde alitwanga mtama ule mpaka ukawa vumbi, na Wande alipoona hajibiwi, aliondoka.

Hayo yalitokea zamani, katika nchi ya miombo, wakati pongo alikuwa bubu. Pongo ni yule mnyama mwekundu mwenye madoa meupe ubavuni, anayeishi kwenye vichaka vizito karibu na maji. Siku hizo hakuwa na sauti yoyote. Akiona mtu alikimbia kimya, na mwenzake aliyekuwa upande wa pili wa kichaka hakujua lolote mpaka mbwa wamfikie. Kwa hiyo kumwinda ilikuwa kazi rahisi kwa wanaume wengi wenye mbwa. Walitandaza nyavu mdomoni mwa bonde, wakawafunga mbwa kengele za mbao shingoni, wakawaachia. Pale mbwa walipobweka ndipo alipokuwa mnyama. Wanaume walikimbilia sauti, wakamsukuma pongo kwenye wavu, wakamchoma mikuki. Chama cha wawindaji kiliishi hivyo miaka na miaka, na kilijiona kina akili sana.

Luhende, mume wa Kalunde, alikuwa mmoja wao. Aliwashikia wavu tangu ujana wake. Siku moja alipokuwa akiwakimbizia mnyama wao, alitumbukia korongoni na kuvunjika paja. Walimbeba mpaka nyumbani juu ya machela ya miti, wakampa mkewe pole nyingi na mguu mmoja wa nyuma wa mnyama. Safari iliyofuata walileta mbavu chache. Iliyofuata, walileta kichwa. Sasa hawakuleta kitu.

Watu wazima wanaweza kula ugali kwa majani na wakaishi. Lakini Kalunde alikuwa na mtoto aliyetoka kumwachisha ziwa, jina lake Kapaya, na nywele za Kapaya zilikuwa zimeanza kuwa nyekundu na laini kama za hindi bichi. Miguu ilimvimba. Alikuwa haombi tena chakula, na mtoto ambaye haombi chakula ndiye wa kuogopewa. Mama mkwe wa Kalunde, ambaye alikuwa amezika watoto wawili wenye nywele za namna hiyo, alimpapasa mjukuu kichwani na kusema neno moja tu: "Nyama."

Mtama ulipokwisha kutwangwa, Kalunde aliingia ndani akatoa upinde wa mumewe ulioning'inia juu ya kitanda, pamoja na podo la mishale. Luhende alimtazama akiwa amelala chali.

"Unaupeleka wapi?"

"Porini."

"Hujui kuwinda, mama Limi."

"Basi nitajua."

Alikwenda moja kwa moja kwa Mihambo. Hakwenda kuomba nyama. Alimwambia mbele ya wanaume wenzake waliokuwa wanakula: "Shemeji, mmesema nyumba yangu haitoi mtu. Mtu ndiye huyu. Nifundisheni."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Mihambo mwenyewe hakucheka kwa sauti. Alijifuta mafuta mdomoni na kusema kwamba chama hakimchukui mwanamke, lakini porini hakuna mlango, anayetaka na aende. Kuhusu mafunzo, alisema, hayo si siri kubwa, yeye mwenyewe atampa.

"Kitu cha kwanza ni upepo, shemeji. Uhakikishe uko mgongoni mwako. Upepo ukitoka nyuma unausukuma mshale, hata mkono dhaifu unafika mbali."

Wa pili akadakia: "Na ujipake mafuta ya mbarika mwili mzima. Miiba ya kule ni mikali. Ukiwa na mafuta unateleza tu."

"Na uende jua likiwa utosini," akasema mwingine. "Pongo hulewa jua."

Mwanamke huyu alikuwa mpole wa kusikiliza, na tena alikuwa na haraka. Alifanya kama alivyoambiwa. Alijipaka mafuta, akaingia porini mchana, upepo ukimsukuma mgongoni, na harufu ya mbarika ikatangulia mbele yake kama mjumbe. Pori lote lilihama kabla hajafika. Aliona kinyesi cha moto na nyasi zinazoinuka polepole baada ya kukanyagwa. Alirudi na mikwaruzo ya miiba, maana mafuta hayakuzuia hata mwiba mmoja. Kesho yake alikwenda tena, na keshokutwa. Kamba ya upinde ilimchapa mkono wa kushoto mpaka ukawa na rangi ya zambarau. Alirudi nyumbani akachota maji, akapika, akaosha mguu wa mumewe, akamlisha Kapaya uji kwa kumbana pua.

Aliporudi kwa wanaume kuuliza anakosea wapi, alimkuta Masele, mwenye kutunza mbwa wa chama, mtu wa mizaha. Masele alikaa akafikiri, au akajifanya anafikiri.

"Tatizo lako, shemeji, ni kwamba huna mbwa."

"Niazime."

"Mbwa ni wa chama. Lakini sikiliza. Asiye na mbwa, awe mbwa yeye mwenyewe. Ukifika penye kichaka, bweka. Bweka kwa nguvu, kama huyu jike wangu mwekundu. Pongo akisikia mbwa mmoja, husimama kutega sikio ajue wengine wako wapi. Hapo hapo unampiga."

Yule aliyepaliwa juzi alilazimika kutoka nje.

Kalunde alibweka. Kwa muda wote mwezi ule ulipokuwa ukikonda, aliingia bondeni, akasimama mbele ya vichaka na kubweka mpaka sauti ikakauka. Wanawake waliokuwa wakiokota kuni upande wa pili walisikia, wakasogea, wakaona. Habari ilifika kijijini kabla yake. Kisimani wanaume walimsalimia kwa kubweka. Mtu alimrushia Shija, mwanawe wa kati, mfupa mkavu, akamwambia ampelekee mama. Limi, binti yake mkubwa, alipigana na wasichana wawili akarudi na kanga iliyochanika, naye hakutaka kusema sababu.

Watu walicheka. Pongo hakucheka. Ndani ya kichaka kimojawapo kulikuwa na pongo jike mwenye ndama, naye alisikiliza. Kila siku mambo yalifuatana vilevile: kwanza sauti ile fupi ya koo, kisha harufu ya mbarika, kisha mshale ukipita kwenye majani pembeni. Mnyama huyu alijua kengele za mbwa zilivyo. Hapa hapakuwa na kengele, wala miguu minne. Baada ya siku kadhaa alielewa kwamba sauti hii maana yake ni mtu, na kwamba anayeisikia mapema anapona. Naye alikuwa na ndama ambaye hakuwa na namna ya kumwita. Alijaribu sauti ile kwenye koo lake lililokuwa halijatoa kitu tangu dunia ianze. Mara ya kwanza ilitoka kikohozi. Baadaye ilitoka yenyewe.

Jioni moja Kalunde alirudi mikono mitupu, sauti imemkauka kabisa, akaanza kuchukua kibuyu cha mafuta ya mbarika ili ajiandae kwa kesho. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kizingitini, Kapaya mapajani. Alikuwa mzee, haoni vizuri, lakini pua yake ilikuwa nzima.

"Luhende," akamwita mwanawe kitandani, "kuna jambo sielewi. Wewe ulipokuwa unakwenda kuwinda ulikataa hata kuoga. Ulinigombeza nikipika karibu na nguo zako. Mbona mkeo anakwenda ananukia hivi?"

Kalunde aliweka kibuyu chini.

"Baba Limi. Mama amekuuliza."

Luhende aligeukia ukuta.

"Ulijua," Kalunde alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, maana ilikuwa imekwisha porini. "Upepo, mafuta, jua la mchana. Kubweka. Ulikuwa umelala hapo unanisikia nikiwaambia watoto kesho nitabweka zaidi. Ulijua."

"Niliapa, mama Limi. Tulichanjwa wote siku moja. Siri za chama hazitoki nje."

"Nje ni wapi?"

Luhende alijivutia shuka kichwani.

"Nakuuliza nje ni wapi. Mimi ninayekuosha usaha ni nje? Kapaya ni nje? Mama yako? Uliapa kwao, na unakula kwa nani? Wameleta nini hapa tangu kile kichwa cha mwisho? Wamekuletea hata kuni? Wao wamekutupa kama wavu uliotoboka, na wewe bado unawatunzia maneno yao, na mwanao nywele zinanyonyoka."

"Nitakwambia sasa," Luhende alisema, naye alikuwa analia. "Kaa hapa nikwambie yote."

"Usiniambie kitu. Kaa na kiapo chako, ujifunike nacho. Ninachokwenda kujua nitakijua kwa macho yangu, asije mtu kesho akasema ni chake."

Aliusukuma mlango akatoka, akamwaga mafuta yote ya mbarika kwenye shina la mpapai. Halafu, kwa kuwa hakuna aliyepika, akapika.

Kuanzia hapo alijifunza peke yake, na hasira ndiyo iliyomwamsha alfajiri. Aliacha upinde nyumbani kwanza. Alikwenda kutazama tu, kama mtu anavyotazama shamba la jirani kabla ya kukopa mbegu. Akachukua majivu ya jikoni kwenye kitambaa. Alipofika bondeni aliyadondosha kidogo kidogo na kuona yanakopeperukia, akagundua kwamba alfajiri upepo hushuka na mto, na jua likipanda hugeuka. Mchana mzima wa kwanza alitumia majivu tu. Aliona njia nyembamba ya kwato iliyokwenda majini, akaona kwamba ilikanyagwa kabla ya umande kukauka na si wakati mwingine. Aliona mti ambao matunda yake yaliyoanguka yalikuwa yameng'atwa. Akaacha kuoga kwa sabuni ya majivu, akajisugua matope na majani ya pale pale. Wanawake wa kisimani walimkwepa.

Kukaa kimya hakukumshinda. Kila msimu, tangu akiwa msichana, alikuwa amelinda mtama usiliwe na ndege, amekaa juu ya dungu tangu asubuhi mpaka jioni bila mtu wa kuzungumza naye. Kilichomshinda ni mkono. Aliweka boga lililooza nyuma ya nyumba akalilenga kila jioni, ugali ukiwa jikoni. Akagundua kwamba zaidi ya upana wa ua wake hapigi kitu, na kwa hiyo akaapa hatalenga kitu kilicho mbali zaidi ya upana wa ua wake. Luhende alikuwa anasikia mishale ikigonga ukuta. Siku moja aliposikia boga limepasuka, alianza kusema kitu, akakumbuka, akanyamaza.

Pongo wa kwanza alikuwa dume dogo. Alikuja kunywa maji alfajiri, majivu yakipepea kuelekea usoni mwa Kalunde, naye Kalunde alimsubiri mpaka akainamisha shingo. Mshale ulimwingia nyuma ya bega. Alikimbia. Kalunde, ambaye hakujua kwamba mwindaji hukaa kwanza na kumwacha mnyama alale, alimkimbiza mara moja, na kwa kosa hilo alihangaika kufuata matone ya damu kwenye miiba karibu asubuhi yote. Alimkuta amelala chini ya mkwaju, macho wazi. Alimtazama kidogo, akasema, "Ni kwa sababu ya Kapaya," akaanza kumchuna. Hapo tena alikosea. Kisu kilipasua nyongo ikamwagikia maini na nusu ya mbavu.

Alipofika nyumbani na mzigo kichwani, Luhende alinusa kutoka kitandani. "Umepasua nyongo."

"Kula," Kalunde alisema.

Walikula nyama chungu. Kapaya alinyonya mfupa, akautema kwa uchungu, akautazama, akaurudisha mdomoni. Usiku ule alilala na mafuta kidevuni, na mama mkwe hakumruhusu mtu kumfuta.

Mihambo alifika kesho yake, kabla ya kifungua kinywa. Alisimama mlangoni akisema hongera, kisha akasema alichofuata.

"Paja la kulia, shemeji. Mnyama yeyote wa bonde lile, paja la kulia ni la mkuu. Ndiyo sheria."

Kalunde alikuwa ameshika kisu, anakata vipande vya kukausha juu ya moshi. Hakuinuka.

"Nakumbuka sheria. Nyumba ambayo haikutoa mtu porini haipati nyama. Sasa niambie, shemeji, asubuhi ile chama chako kilimtoa nani? Maana mimi nilikuwa pale, sikukuona. Sikumwona Masele. Sikuona hata mbwa. Nilimwona mbwa mmoja tu, na huyo alikuwa amechoka kubweka."

"Usinitukane, mwanamke."

"Sijaanza."

Mihambo aliondoka bila paja. Hakupata hata kwato.

Lakini mambo porini hayakuwa tena kama zamani. Yule pongo jike alikuwa amemfundisha ndama wake, na ndama akawafundisha wengine, kila kichaka kikifundisha cha jirani. Kiangazi kilipozidi na watu kuhitaji nyama, Mihambo aliwatoa wanaume wote. Wakatandaza nyavu mdomoni mwa bonde, wakawafungua mbwa. Masele akatega sikio.

Mbweko ulisikika upande wa juu. "Wamemkuta! Huku!" Masele alipiga kelele, na wanaume wakapanda kilima wakihema. Hawakukuta kitu ila majani yanayotikisika. Mbweko ukasikika nyuma yao, karibu na mto. Wakateremka. Ukasikika kushoto, kisha ng'ambo. Mbwa wenyewe walichanganyikiwa, wakawa wanakimbilia sauti za wenzao ambao hawakuwa wenzao, kengele zao zikilia kila upande. Mtu aliyekuwa akikimbia huku akitazama nyuma aliingia kwenye wavu, akachomwa mkuki wa begani na aliyemdhania mnyama. Walirudi wakimbeba, wanatukanana. Masele aliwapiga mbwa kwa fimbo mpaka yule jike mwekundu akakimbia asirudi.

Walikwenda tena, ikawa vilevile. Kila walipokwenda, bonde lilibweka pande zote. Chama kilichokuwa kinategemea masikio kilikuwa kimeharibiwa masikio, na hapakuwa na mtu ndani yake aliyejua namna nyingine. Upepo waliujua wa kutandazia nyavu tu; hakuna aliyewahi kukaa akamngoja mnyama. Hakuna aliyewahi kubeba majivu. Sasa kila uani palikuwa na watoto wanaokula majani, na nywele za mtoto wa Wande zikaanza kubadilika rangi.

Wanaume walikaa kutafuta mchawi. Mmoja alisema ni mizimu, mwingine alisema ni kijiji cha ng'ambo. Wande alikuwa anawapelekea maji ya kunywa. Aliweka mtungi chini.

"Mchawi gani? Masele, si wewe uliyemwambia mwenzio akabweke? Si mlikaa hapa hapa mkacheka mpaka mkalia? Mlifikiri kule porini anasikia nani, mawe?"

Wande akamgeukia mumewe. "Na wewe simama. Twende."

Ndivyo Mihambo alivyofika uani kwa Kalunde mara ya pili, jioni, mkewe akiwa nyuma yake na watoto nyuma ya mkewe. Safari hii hakusimama mlangoni. Alikaa chini kwenye vumbi, karibu na kinu.

"Shemeji," alisema. "Nifundishe."

Kalunde alikuwa anachambua mlenda. Uongo ulimjia wote kwa pamoja, umepangika vizuri, tayari kutoka: upepo uwe mgongoni, shemeji, mafuta mengi, shemeji, uende jua likiwa utosini. Alifungua mdomo. Alitaka sana kumwona mtu huyu amejipaka mbarika, anabweka mbele ya kichaka, na yeye amesimama na wanawake wa kuni akicheka mpaka ashike mbavu. Aliona ana haki hiyo, na kweli alikuwa nayo.

Huruma siyo iliyomzuia. Alimtazama mtoto wa Wande aliyesimama akinyonya kidole na miguu imevimba, na hata hapo hasira haikushuka. Kilichomzuia ni kwamba alikuwa anaingia bonde lile kila alfajiri, na alijua zaidi ya mtu yeyote kazi iliyofanywa na uongo mmoja mle.

"Ningekudanganya," alimwambia, "na ungestahili. Lakini nikikudanganya, mnyama atajifunza kingine, na kesho mimi nitakula nini? Nyie mmeshampa sauti. Sitaki mimi nimpe upinde."

Kisha akasema masharti yake, na aliyasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani. Nyama ikiingia kijijini itagawanywa kwa kuita nyumba zote, na nyumba yenye mgonjwa itaitwa kwanza. Paja la mkuu halipo tena. Na yeyote anayeanza kuwinda, mwanamume au mwanamke, akiuliza, anajibiwa kweli. Atakayemdanganya hatapata fungu mpaka mvua mbili zipite, na wa kwanza kukaa bila fungu ni Masele.

"Chama hakitakubali," Mihambo alisema.

"Basi chama kibweke."

Mihambo aliinamisha kichwa. Wande akasema, "Amekubali."

Ndipo Kalunde alipochukua konzi ya majivu jikoni, akayadondosha mbele ya mkuu wa wawindaji, akamwuliza yanakwenda wapi. Alimfundisha pale pale uani, mbele ya kila aliyetaka kusikia, kuhusu upepo wa alfajiri, njia ya majini, na upana wa ua. Alipofika kwenye mnyama aliyejeruhiwa, sauti ilitoka ndani, kitandani. "Usimkimbize," Luhende alisema kwa nguvu, watu wote wasikie. "Kaa chini. Mwache alale, ndipo umfuate. Na nyongo uikate pamoja na kipande cha ini, usiiguse yenyewe." Ilikuwa siri ya chama, na aliitoa mbele ya mkuu wake. Kalunde hakumshukuru. Lakini alisogea pembeni kidogo ili mlango uwe wazi na sauti itoke vizuri.

Na tangu siku hiyo pongo hubweka. Akihisi mtu, husimama ndani ya kichaka na kutoa mbweko mmoja, mkavu, wa koo, na mgeni akiusikia hudhani kuna mbwa aliyepotea. Wengi wameufuata wakaishia kwenye miiba. Na tangu siku hiyo wawindaji wa nchi ile ya miombo hutoka mmoja mmoja, kimya, na kitambaa cha majivu kiunoni, na anayeanza akiuliza swali hajibiwi kwa mzaha, hata na mtu mwenye mizaha. Nyama ikifika, nyumba huitwa, na hakuna anayeondoka mpaka ya mwisho imeitikia.

Lakini hayo yalikuja kujengeka baadaye. Jioni ile palikuwa na chungu kimoja tu cha nyama kavu iliyochemshwa na mlenda, na ugali wa mtama, na watu wengi kuliko chungu. Kalunde aliepua. Alikuwa bado ana hasira, na vyombo viliwekwa chini kwa kishindo. Hakuruhusu mkono wowote uingie bakulini kabla hajajua nani yupo.

"Mama?"

"Nipo," alisema mama mkwe.

"Limi? Shija?"

Waliitikia pamoja.

"Kapaya yuko wapi?"

"Huyu hapa," Limi alisema. "Ameshaanza."

"Baba Limi?"

"Nipo," Luhende aliitikia kutoka ndani, na Shija akampelekea bakuli lake.

Akaendelea na wageni: Wande, kisha watoto wa Wande mmoja baada ya mwingine, akimsogezea mdogo aliyevimba miguu kipande kikubwa bila kumtazama mama yake. Alibaki mtu mmoja kando ya kinu, ambaye hakuwa amesogea wala hakuwa na uhakika kama asogee. Kalunde alimwacha hivyo kidogo, mwiko mkononi.

"Mihambo?"

"Nipo, shemeji."

"Haya, nawa. Kinapoa."